UZI: Hidrojeni inaua magnesi au inaipa nguvu? Yote yameanzia kwenye kasha la chensoo na siki ya jikoni

Punje Ndogo – #1

Wakuu salaam.

Jamaa yangu wa Mafinga anapasua mbao. Chensoo yake ilianguka kutoka juu ya gogo, kasha la injini likapata ufa karibu na bolti ya chini. Akanitumia kwa basi, nikalipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea hapa Dar (simtaji, tulishamalizana). Akalichomelea kama alumini. Wiki mbili likapasuka tena, tena siyo pale alipochomelea, ila upana wa kidole pembeni yake. Akarudia. Likapasuka tena, upande wa pili.

Safari hii nikabaki nalo nyumbani. Nikakwangua rangi kwa kisu mpaka metali ikang'aa, nikafuta mafuta, nikadondoshea tone moja la siki. Likachemka. Vipovu vidogo vidogo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na ukisogeza sikio unasikia kabisa "shhh". Ukiweka siki juu ya sufuria ya alumini inakaa tu, inakuangalia. Kumbe lile kasha ni magnesi.

Vile vipovu ni hidrojeni. Magnesi inaing'oa kutoka kwenye siki, na hata kwenye maji matupu inaing'oa polepole. Gramu 1 ya magnesi ikiliwa yote inaacha gesi ya karibu lita 1.

Kilichonichekesha ni kwamba nilipokuwa nasoma shahada ya pili mambo ya metali, kazi yangu ilikuwa kinyume chake: kuilazimisha hidrojeni iingie ndani ya magnesi, kusudi magnesi iwe na nguvu zaidi. Nikimwambia mtu wa viwandani ananiangalia kama nimesema naloweka saruji ili ikauke.

Kwa wasioijua: magnesi tupu ni laini, hujengi nayo kitu. Inapendwa kwa wepesi. Sentimita 1 ya ujazo ni gramu 1.74, wakati alumini ni 2.70 na chuma ni 7.85 hivi. Kwa hiyo inachanganywa na metali nyingine kuwa aloi. Ukikuta imeandikwa AZ91, hiyo ni alumini asilimia 9 na zinki asilimia 1. AZ31 ni alumini 3, zinki 1. Herufi K ni zirkoni, W ni yitri, E ni madini adimu kama neodimi, hiyo hiyo wanayoitafuta Ngualla kule Songwe. Makasha ya chensoo mara nyingi ni AZ91. Na ile Volkswagen ya zamani yenye mgongo wa kobe ilikuwa na magnesi kilo 20 hivi kwenye nyumba ya injini na gia. Kuna mafundi waliyeyusha zile nyumba wakidhani ni alumini. Waliobaki na nyusi zao wanajua ninachosema.

Msimamo wangu kabla watu hawajaanza kunirushia mawe: hidrojeni ni hiyo hiyo na metali ni hiyo hiyo. Ikipita mlangoni na ikatolewa mlangoni, inajenga. Ikipenya dirishani ikabaki ndani, inabomoa. Karibuni.

---

Kibaraza cha Pili – #2

Nimekaa na kahawa na kashata. Endelea mkuu, ila fomula punguza, wengine kemia tuliikimbia kidato cha pili.

---

Mzee wa Kalibu – #3

Vijana, mimi nasubu sufuria na vipuri vya alumini mwaka wa 30 huu. Hiyo hidrojeni yenu sisi tunaijua kwa jina la vitundu. Ukiyeyusha chakavu chenye mafuta, au mchanga wa kalibu ukiwa na unyevu, au kijana akikoroga kwa mti mbichi, sufuria inatoka ina macho kama chapati za maji. Unaiweka jikoni inatoa machozi kwa chini. Sasa swali langu fupi: magnesi nayo ina tabia hiyo, au hii ni mbaya zaidi?

---

Punje Ndogo – #4

Mzee shikamoo. Swali lako ndilo la kuanzia.

Alumini ikiganda inaweza kubaki na kama sehemu 1 kati ya 20 ya hidrojeni iliyokuwa imeimeza ikiwa ya maji. Hizo 19 zinafukuzwa kwa mara moja, na wakati huo mlango umeshafungwa kwa sababu metali inakuwa ngumu. Hayo ndiyo macho ya chapati.

Magnesi ni mlevi wa aina nyingine. Ikiwa ya maji inameza hidrojeni nyingi kuliko alumini: gramu 100 zinashika makumi ya sentimita za ujazo, wakati alumini pale inapoyeyukia haifiki hata 1. Ila ikiganda inabaki nayo kama theluthi mbili. Hakuna fukuza fukuza kubwa. Ukisoma hapo tu unaweza kusema magnesi haina shida ya vitundu.

Shida inakuja kwa AZ91, maana haigandi kwa mkupuo. Inaanza karibu na nyuzi 600, na matone ya mwisho, yale yenye alumini nyingi, yanaganda karibu na 437. Katikati hapo ni uji. Uji ukisinyaa, metali ya maji inashindwa kufika kila pembe kujaza pengo, na hidrojeni ikikuta pengo inapanga chumba. Kwa hiyo vitundu vya AZ91 ni vidogo sana, vimetawanyika katikati ya punje (zile chembe za fuwele zilizoshikana kuunda metali), huvioni kwa macho. Unaviona siku kipande kimevunjika.

Viwandani wanapitisha gesi ya argoni chini ya metali iliyoyeyuka, vipovu vinapanda vikibeba hidrojeni. Aloi zisizo na alumini zinatiwa zirkoni. Kazi yake hasa ni kufanya punje ziwe ndogo, lakini njiani inakamatana na hidrojeni. Maana yake hidrojeni ikiwa nyingi inakula zirkoni uliyoinunua kwa hela nyingi. (Kwenye AZ91 zirkoni haisaidii, inakamatana na alumini yenyewe.)

Na mzee wangu, nakuomba: magnesi usiiweke kwenye tanuri lako. Ikishika moto, mtu akikimbilia ndoo ya maji, yale maji yanapasuliwa yanakuwa hidrojeni, na hapo hakuna tena karakana. Ni mchanga mkavu tu, kwelikweli mkavu. Wenye viwanda hufunika uso wa metali kwa gesi. Kwa miaka mingi ilikuwa salfa heksafloridi, ambayo kilo 1 inapasha dunia joto sawa na kilo 23,500 za kaboni dioksidi, ndiyo maana sasa wanaikimbia.

---

Binti Kemia – #5

Nafundisha kemia sekondari, naomba nichangie kabla hujafika mbali.

Magnesi ikiunganika na hidrojeni inakuwa hidridi ya magnesi, MgH2, na kwa uzito asilimia 7.6 ni hidrojeni. Nimepiga hesabu ubaoni leo na watoto: kilo 1 ya magnesi inameza gramu 83 za hidrojeni. Zinaonekana chache. Ziachie hewani kwenye joto la chumba, ni lita 1,000! Yaani lile tenki jeusi la juu ya mnara nyumbani, limejaa gesi, limeingia ndani ya kipande unachokishika kwa mkono mmoja. Na wakati inaingia inatoa joto, kilojuli 75 kwa kila moli ya hidrojeni. Kwa kilo nzima ni megajuli 3, inachemsha maji lita 9 kutoka bombani.

Swali langu kwa Punje Ndogo. Magnesi ina ngozi ya oksidi. Halafu molekuli ya hidrojeni haivunjiki kirahisi juu ya uso wa magnesi. Sasa mnaipitishaje huo mlango wako?

---

Punje Ndogo – #6

Mwalimu umenigusa penye kidonda, hapo ndipo nilipoteza miezi minne ya maisha yangu.

Kwanza huweki kipande kizima. Unachukua vinyolewa vya mashine ya kukerezea au unga. Sababu ni kwamba hidridi ikishaota juu ya magnesi inakuwa ganda, na hidrojeni inapita kwenye ganda hilo kwa uvivu wa ajabu. Kipande kinene kitajifunika ganda na ndani kitabaki metali vile vile. Pili unapandisha joto. Kwa nyuzi 280 au 290 hivi, magnesi na hidridi vinalingana kwenye shinikizo la angahewa 1, hakuna anayemshinda mwenzake. Ukifika 350 unahitaji zaidi ya angahewa 6 ndiyo hidrojeni ikubali kuingia, na kusudi isilale njiani tunaweka nyingi zaidi ya hapo. Tatu, raundi ya kwanza ni ya kuvunja ngozi. Inaingia kwa shida, inatoka, ya pili inaingia haraka. Wengine wanatia nikeli kidogo au oksidi ya niobi, hizo zinaivunja molekuli kwa niaba ya magnesi.

Sasa twende kwenye AZ91 yenyewe. Ndani yake kuna punje za magnesi zenye alumini kidogo, na kwenye mipaka ya punje kuna kitu kigumu, chepesi kuvunjika, muungano wa magnesi na alumini unaoitwa Mg17Al12. Hidrojeni ikifika haitaki alumini, inataka magnesi tu. Inaipokonya. Mg17Al12 inavunjika, kwanza inakuwa hidridi pamoja na Mg2Al3, ukiendelea kuisukuma inakuwa hidridi na alumini tupu. Ndoa imevunjika, kila mmoja kwao.

Na hidridi ni nene kuliko magnesi kwa asilimia 30 ya ujazo. Kwa hiyo wakati inaota inasukuma, inapasua, inabomoa punje za zamani kutoka ndani. Ukikata joto hapo ukafungua chombo, vile vinyolewa ulivyoviweka vikimeta unavikuta kijivu kama majivu ya mkaa, ukivibana kwa vidole vinasagika. Mara ya kwanza nilidhani nimeharibu sampuli nikataka kumwaga.

Hufungui. Unaacha joto pale pale, unavuta ombwe. Mshale wa geji unashuka, unasimama, unasimama sana, halafu unaanza kushuka tena. Hapo hidridi inaachia. Magnesi inazaliwa upya, na inazaliwa sehemu maelfu kwa wakati mmoja, kila mbegu inakuwa punje yake. Alumini nayo inarudi kwa mwenzake kutengeneza Mg17Al12, safari hii kama vichembe vidogo vilivyotawanyika, siyo vile vibonge vya mpakani. Ulianza na punje za makumi ya maikromita, unamaliza na punje zisizofika maikromita 1.

Wenyewe wanaiita HDDR: kutia hidrojeni, kuvunja, kutoa hidrojeni, kuunganisha upya. Haikuanzia kwenye magnesi. Ilianzia kwenye sumaku za neodimi mwaka 1989, Takeshita na Nakayama wa Mitsubishi kule Japani, na kabla yao Rex Harris wa Birmingham alikuwa anatumia hidrojeni kubomoa vinoo vya sumaku viwe unga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa Chuo Kikuu cha Tohoku wakaijaribu kwenye aloi za magnesi na alumini, na kuanzia hapo wengi wamefuata, wengine wakisaga unga kwa mipira ya chuma ndani ya hidrojeni ili wasihitaji joto kubwa.

Ukiniuliza hidrojeni imefanya nini hasa, nitakwambia kuingia kwake ni kubomoa nyumba, kutoka kwake ndiko kujenga. Mtu anayesema "tuliimarisha kwa kuongeza hidrojeni" amekosea. Kipande kizuri ni kile ambacho hidrojeni imeshaondoka.

---

nati13 – #7

Sawa, punje zimekuwa ndogo. So what? Mchanga nao una punje ndogo, hauna nguvu. Nguvu inatoka wapi?

---

Punje Ndogo – #8

Swali halali. Metali haikunjiki kwa atomu zote kusogea pamoja. Inakunjika kwa sababu ndani ya kila punje kuna hitilafu zinazoteleza kwenye tabaka za atomu, moja baada ya nyingine. Zikifika mpaka wa punje zinasimama, kwa sababu punje ya jirani tabaka zake zimeelekea kwingine.

Fikiria Tunduma. Malori yanafika mpakani, yanapanga foleni. Foleni ikiwa fupi hakuna anayejali. Ikiwa ya kilomita nyingi, wa nyuma wanapiga honi, presha inafika kwa yule wa mbele mpaka geti linafunguliwa kwa nguvu. Punje kubwa ina nafasi ya foleni ndefu, kwa hiyo mkazo mdogo tu wa nje unatosha kuvunja geti. Punje ndogo haina nafasi, foleni ni ya malori mawili, inabidi usukume sana kutoka nje. Watafiti wawili walilipima hili kwenye chuma, Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953: nguvu inapanda kwa kinyume cha kipeuo cha pili cha ukubwa wa punje.

Kibaraza nisamehe, fomula moja tu. Kwa magnesi kizidisho chake ni kama 250, ukipima punje kwa maikromita na nguvu kwa megapaskali. Punje ya maikromita 100: 250 gawanya kwa 10, ni 25. Punje ya maikromita 4: 250 gawanya kwa 2, ni 125. Umeongeza megapaskali 100 bila kutia hata gramu moja ya metali nyingine. Kizidisho hiki kwa alumini ni kidogo mara kadhaa. Magnesi fuwele zake ni za pembe sita, zina njia chache za kutelezea, kwa hiyo mpaka wa punje kwake ni geti zito. Ndiyo sababu kupunguza punje kunalipa sana kwenye magnesi kuliko kwa alumini.

Usinichukulie mstari huo uende nao mpaka kwenye nanomita 10 ukategemea maajabu. Huko chini punje zenyewe zinaanza kuteleza moja juu ya nyingine na hesabu inaharibika.

---

nati13 – #9

Nimekuelewa kuhusu Tunduma, nimelala pale siku mbili. Ila bado sijaridhika, mambo mawili.

Moja, umemaliza na unga. Unga siyo kasha la chensoo. Mbili, mimi niko upande wa mabomba, na huku hidrojeni ni adui namba moja, inaingia kwenye chuma inakifanya kivunjike kama kioo. Sasa huku mnaipongeza. Nani mkweli?

---

Punje Ndogo – #10

La kwanza nakubali bila kubisha. Unga lazima uubane uwe kitu kimoja: unaupasha, unausukuma kwenye tundu la kalibu la chuma kwa presi, au unaubana huku unapitisha umeme. Na magnesi ikipata joto punje zinaanza kulana, kubwa inameza ndogo. Kile ulichokihangaikia wiki nzima kinaweza kupotea kwa dakika kumi za joto la ziada. Vile vichembe vya Mg17Al12 vinasaidia kuzishikilia, ila siyo sana, vinalainika mapema. Ongeza hapo kwamba unga wa magnesi unapenda oksijeni na unapenda moto. Ndiyo maana huoni duka linauza kasha la HDDR. Ni njia ya maabara na vipande vidogo vya thamani, na anayekuambia kesho itakuwa kwenye gari lako anakuuzia ndoto.

La pili, wote wawili tunasema kweli. Magnesi inajizalishia hidrojeni yenyewe, huhitaji bomba. Unyevu ukigusa metali iliyo wazi, magnesi inakuwa hidroksidi na hidrojeni inazaliwa pale pale juu ya uso. Nyingi inapeperuka. Kidogo kinaingia ndani, na kinapenda kwenda kwenye ncha ya ufa, ambako metali imevutwa. Huo mkazo na huo unyevu vikikutana, aloi za alumini kama AZ91 zinaweza kupasuka polepole kwa mzigo wa kama nusu ya ule unaotakiwa kuzikunja. Nusu! Hakuna kilichozidi uzito, hakuna kilichogongwa, asubuhi unakuta ufa.

Kwamba ni hidrojeni kweli na siyo kutu tu inayochimba, kuna jaribio zuri: vipande vilivyolowekwa vinapoteza mnyumbuliko, vinavunjika mapema. Ukivipasha kwenye ombwe kabla ya kuvivuta, sehemu kubwa ya mnyumbuliko inarudi. Kutu hairudi nyuma kwa kupashwa joto. Gesi ndiyo inatoka. Ila kama ufa umeshaanza, joto halishoni ufa. Wataalamu bado wanavutana juu ya kinachotokea pale kwenye ncha, kama ni hidridi inaota halafu inavunjika, au ni atomu za hidrojeni zinalegeza vishikizo.

Na kuna kitu cha katikati, si kizuri wala kibaya. Kwenye aloi kama WE43 ukiangalia kwa hadubini ya elektroni unakuta vijisanduku, vimekaa kimraba kabisa kama vimekatwa kwa rula. Muda mrefu vilihesabiwa kuwa mchanganyiko wa magnesi na yitri. Vingi ni hidridi ya yitri. Hidrojeni iliyopenya wakati wa kuyeyusha imejikamatia yitri ikatulia. Haidhuru sana, ila ile yitri ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

---

Mkanda Mweupe – #11

Napita tu, mimi ni wa upande wa mifupa. Hii magnesi tunayo na sisi. Kuna skrubu za aloi za jamii ya hiyo WE43 zinazoyeyuka mwilini mfupa ukishaunga, huhitaji kumrudisha mgonjwa mezani kuzitoa. Za kwanza zilipata kibali cha Ulaya mwaka 2013. Wazo lenyewe ni la zamani, daktari Huse alifunga mishipa inayovuja damu kwa waya za magnesi mwaka 1878. Kinachosumbua ni hiyo hiyo lita 1 kwa gramu: ikiyeyuka haraka kuliko mwili unavyoweza kubeba gesi, unaona kivuli cheusi kwenye eksirei kandokando ya skrubu. Kwa hiyo huku kwetu kazi yote ni kuichelewesha.

---

chensoo_mafinga – #12

Ndugu zangu mimi ndiye mwenye kasha. Nimesoma mpaka hapa, Tunduma nimeelewa, mengine nimeruka. Naomba jibu la mtu wa porini: kwa nini lilipasuka PEMBENI ya weldi mara mbili? Na lifanyiweje? Mvua zimeanza huku na mashine mpya sina hela yake.

---

Punje Ndogo – #13

Kaka pole, nilikuahidi jibu nikaleta mhadhara.

Sababu ya kupasuka pembeni ziko tatu na zimekaa pamoja. Fundi alitumia waya wa alumini, akapata pale kwenye maungio mchanganyiko wenye alumini nyingi mno, mgumu, hautaki kunyumbuka. Pembeni ya weldi hapakuyeyuka pote, ila ile Mg17Al12 ya kwenye mipaka ya punje iliyeyuka kwa sababu yenyewe inaanza mapema, ikaacha mistari dhaifu. Halafu hakufuta mafuta ya chensoo wala rangi vizuri, na hivyo vikiungua vinatoa hidrojeni, hidrojeni ikakuta uji, vitundu. Penye ufa wa pili nimekata kipande kidogo kwa msumeno nikakipiga msasa. Kwa kioo cha kukuzia cha shilingi elfu tano unaona madoa meusi yamejipanga kama mstari wa chungu, milimita 6 kutoka kwenye weldi. Ufa umepita juu yake kama unafuata barabara.

Weldi ikipoa inabaki inavuta pembeni yake. Hiyo ni mkazo wa saa 24, hata mashine ikiwa imezimwa. Kisha unaliweka kasha stoo yenye unyevu wa Mafinga. Sikwambii ndicho kilichokuvunjia, mtetemo wa chensoo peke yake unatosha kuvunja hayo madoa, lakini huo ni mwaliko.

Cha kufanya: kakwangue mpaka metali nyeupe pande zote mbili, sentimita 3 kila upande, futa kwa asetoni mara mbili, kausha. Waya uwe wa aloi ya magnesi. Kuchomelea kwa argoni, umeme wa kupindukapinduka (AC), siyo ule wa moja kwa moja (DC). Akimaliza, kasha liwekwe kwenye oveni ya nyuzi 260 kwa saa moja hivi, lipoe lenyewe. Hiyo saa moja inalegeza mkazo. Aloi za magnesi zenye alumini zaidi ya asilimia 1.5 hazitakiwi kuachwa na mkazo wa weldi, na fundi wako aliruka hatua hii mara mbili. Oveni ya mikate inafika, ila uwe na kipimajoto chako, namba za kwenye kitufe zinadanganya. Kisha lipake rangi siku hiyo hiyo, usiache metali wazi ilale na umande.

Vinyolewa vyote vya kukwangua vifagie, viweke kwenye kopo kavu. Usivichanganye na vumbi la mbao. Naomba nirudie: usivichanganye na vumbi la mbao.

---

chensoo_mafinga – #14

Waya wa magnesi Iringa nimekosa. Kuna mtu Mbeya anasema anao. Oveni nimemuomba mama mmoja wa mikate, ameniuliza kama kuna sumu, nimemwambia nitaikosha kasha kwanza kwa sabuni.

---

Binti Kemia – #15

Ikaushe vizuri baada ya sabuni! Na rangi ya zamani iondoe yote kabla ya oveni, asije akauza mikate yenye harufu ya chensoo.

---

Kibaraza cha Pili – #16

Kashata imeisha. Huyu mama wa mikate naye aingizwe kwenye shukrani za utafiti.

---

Mzee wa Kalibu – #17

Marahaba kijana, nilichelewa kuitikia.

Jana nimetuma mtoto anunue siki. Tumekaa na rundo la chakavu kuanzia asubuhi, kipande kimoja kimoja, tunakwangua, tunadondosha. Mengi yamenyamaza. Vipande vinne vimechemka: makasha mawili ya chensoo, usukani mmoja bila ngozi yake, na bonge moja zito ambalo kwa umbo lake ni nyumba ya gia ya hiyo Volkswagen yenu. Lile bonge nilikuwa nimelipanga liingie tanurini Jumatatu na sufuria.

Nimeyaweka pembeni ya ukuta, mbali na ndoo ya maji. Kwa mizani yangu ni kilo 14. Kuna mtu hapa ananunua magnesi?